Kuhesabu Nyangumi Kando ya Barabara

Msafiri ambaye gari lake huvuta nyumba ndogo ya magurudumu aweza, mwezi Januari, kuegesha kando ya Barabara Kuu Namba 1 ya California na kuwatazama nyangumi wa kijivu wakielekea Mexico kuzaa.

Atakachokiona kwanza ni mvuke. Wengi hudhani kuwa nyangumi hurusha maji ya bahari yatokayo tumboni, sivyo. Nyangumi ni mamalia, naye hupumua kwa mapafu. Hewa yenye joto na unyevu itokapo kwa nguvu hutanuka na kupoa, na unyevu wake hugeuka matone madogo. Kwa kawaida hupumua mara 3 hadi 5, kisha huzama kwa dakika 3 hadi 5.

Kwa hiyo pumzi moja si nyangumi mmoja. Asiyezingatia muda wa kuzama atamhesabu mnyama yuleyule mara mbili, au atamkosa kabisa. Wataalamu wa Marekani wamewahesabu kutoka pwani hiyo tangu 1967. Makadirio yao yalikuwa kiasi cha 27,000 mwaka 2016. Mwaka 2025 yalishuka hadi 13,000 hivi. Pasipo hesabu makini, upungufu huo usingalijulikana mapema.

Zoezi: Nyangumi aendaye kilomita 8 kwa saa amezama kwa dakika 5. Tumtazamie umbali gani mbele ya alipozamia?

Jibu: Mita 667 hivi.