Chanjo ni Amana: Habari ya Kano

Watu wa mji wetu hutuuliza mara kwa mara: je, yafaa mzazi Mwislamu amtie mwanawe matone yaliyotengenezwa na watu asiowajua, katika nchi asizozijua? Swali hili si la kuchekewa. Wako wanaolijibu kwa kejeli, wakamwita muulizaji mjinga. Na hao, kwa maoni yetu, huidhuru chanjo kuliko hata wanaoipinga. Sisi twataka kulijibu kwa kisa kilichotokea kwa Waislamu wenzetu wa Kano, kaskazini ya Nijeria.

Yapasa kwanza ugonjwa wenyewe ujulikane. Virusi vya polio hukaa matumboni, hutoka kwa choo, na huingia tena vinywani kwa maji machafu na mikono isiyooshwa. Watoto wengi wavipatao hawaoneshi dalili yoyote. Wachache hupooza viungo, na akishapooza mtoto hapana dawa ya kumrudisha alivyokuwa. Mwaka 1988 mataifa yaliazimia kuufuta ugonjwa huu, nao wakati huo ulikuwa ukilemaza watoto wapatao 350,000 kila mwaka. Ukafanywa ushirika mkubwa: Shirika la Afya Duniani likaongoza, UNICEF ikashika kazi ya kununua na kufikisha dawa, Rotary ikachangisha fedha, na kila serikali ikatoa wauguzi wake. Majokofu yakapatikana, magari yakapatikana. Walipofika Kano, kilichopunguka ni kuaminiwa.

Waama, watu wa Kano walikuwa na sababu. Mwaka 1996, homa ya uti wa mgongo ilipokuwa ikiua watu mjini humo, kampuni ya Pfizer ya Marekani ilijaribu dawa yake mpya kwa watoto wagonjwa. Watoto 200 hivi waliingizwa katika jaribio hilo, nusu wakapewa dawa hiyo na nusu dawa nyingine, 11 wakafa. Wazazi wakashitaki kwamba hawakuombwa idhini ipasavyo. Kampuni ilikana kosa, lakini mwaka 2009 ilipatana na jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Aliyeumwa na nyoka, tena mlangoni kwake, hamwezi kumlaumu akistuka kwa ung'ongo.

Kwa hiyo mwaka 2003 uvumi ulipoenea kwamba matone ya polio yametiwa dawa ya kuwafanya watoto wawe tasa, ulipata masikio. Baadhi ya masheikh waliyakataza, na miongoni mwa wakubwa wa upinzani alikuwamo tabibu aliyesoma. Kano ikasimamisha chanjo. Virusi havikungoja mabishano yaishe: vilienea Nijeria, vikavuka mipaka hata Sudan, Yemen na Saudia. Serikali ya Saudia ikawataka mahujaji watokao nchi zenye polio waoneshe kuwa wamechanjwa.

Kilichoufungua mlango ni mashauriano. Dawa ilipimwa, wakubwa wa Kano wakasikilizwa, ikakubaliwa inunuliwe chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Mwaka 2004 kazi ikaanza tena, na Gavana Ibrahim Shekarau akamtia bintiye matone mbele za watu. Na tazama ajabu ya mambo: mwaka 2005 virusi vilivyotokea Afrika ya Magharibi vilifika Indonesia hiyo hiyo, iliyokuwa haina polio tangu 1995, vikapooza watoto wapatao 300.

Baada ya hapo maulamaa hawakuachwa tena nje ya shauri. Mwaka 2014 Al-Azhar, Chuo cha Fiqhi cha Kimataifa cha Jeddah, Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu na Benki ya Maendeleo ya Kiislamu waliunda baraza moja la kuusukuma mbele ufutaji wa polio. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imesalimika na polio ya asili, na Nijeria ndiyo iliyokuwa nchi ya mwisho.

Hatutaficha jambo moja, maana kufichaficha ndiko kulikozaa uvumi. Matone yale yana virusi vilivyodhoofishwa. Mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, virusi hivyo huweza kuzunguka muda mrefu hata vikarudiwa na nguvu vikapooza. Mlinzi wa hayo ni kuchanjwa watoto wote, tena upesi. Kuacha nusu ya mtaa ndiko kunakoyaleta.

Basi mzazi aendapo kiliniki na aulize: chanjo hii ni ya maradhi gani, mtoto ataona nini usiku wa leo, na zamu ya pili ni lini? Ni haki yake. Na muuguzi ajibu kwa upole na kwa lugha aijuayo mama yule, kisha aandike tarehe katika kadi. Imamu naye, kabla ya kupanda mimbari na habari aliyoisikia barazani, amwendee tabibu amwulize.