Somo la Nasaba: Tujue Asili Zetu Tupate Kuunga Jamaa Zetu

 

Elimu ya nasaba ni katika elimu alizotuhimiza Mtume (s.a.w.), kwa kadiri itakayotuwezesha kuunga jamaa zetu. Sayyidna Abubakar alikuwa bingwa wake katika Makureshi. Na Sayyidna Umar alipoanzisha daftari la mafungu ya watu, aliwaweka wajuzi watatu wa nasaba, Akil bin Abi Talib, Makhrama bin Naufal na Jubeir bin Mut'im, wawaandike watu ukoo kwa ukoo. Basi mjuzi wa nasaba si mpiga soga wa barazani. Yeye ni mtunza haki, kwani mirathi na ujuzi wa maharimu havisimami ila kwa kujua nani mwana wa nani.

Hapa Kisumu jambo hili ni zito. Misafara ya pwani ilifika Mumias kabla ya reli. Reli ilipofika mwaka 1901, na mji ukiitwa Port Florence, walizidi kuja Waswahili. Na Wanubi, kizazi cha askari waliotoka Sudani, wakafanya maskani Kibos. Wageni hawa walioa katika Wajaluo na Waluhya, na wenyeji wengi wakasilimu. Leo utamsikia mjukuu amtaja kwa fahari babu aliyetoka Mombasa, wala hamjui bibi yake wa Seme au Alego, wala wajomba walio karibu naye. Huku ndiko kukata jamaa, ijapokuwa wajomba hao si Waislamu.

Kadhalika iko ada ya kumwita kila aliyesilimu "bin Abdallah", na jina la babake likafutwa. Twasema: ada hii haina msingi. Zaid bin Haritha aliitwa Zaid bin Muhammad mpaka iliposhuka aya ya Suratul Ahzab, ikaamrisha watu waitwe kwa baba zao. Na Khalid hakuacha kuitwa bin Walid, wala Ikrima bin Abi Jahl, ilhali baba zao walikufa katika ukafiri. Na madhara yake ni makubwa: mtu aliyefichwa babake aweza kumposa binti wa dada yake wa kwa baba, naye hajui!

Mwenye kutaka kuwasaidia wenziwe na ashike haya:

Kwanza, aanze na wazee walio hai, wanaume kwa wanawake, awaulize kwa adabu upande wa baba na wa mama.

Pili, asitosheke na jina. Otieno ni aliyezaliwa usiku, na Okoth ni aliyezaliwa wakati wa mvua; hao ni wengi katika kila kijiji. Aulize ukoo, boma, na nyumba ya mama yupi.

Tatu, alinganishe na hati. Ndoa na talaka za Waislamu zilikuwa na sheria ya kuandikishwa tangu 1906, na vizazi na vifo navyo vilikuwa na sheria ya kuandikishwa.

Nne, aandike kila neno pamoja na jina la aliyelisema, kama walivyofanya wanachuoni wa hadithi, na penye pengo aliache pengo. Profesa Bethwell Ogot alikusanya masimulizi ya wazee wa Kijaluo, akahesabu vizazi vyao, na kitabu chake cha 1967 kikawa tegemeo la wasomi. Hayo yalipatikana kwa kuwauliza wazee kabla hawajaondoka.

Huenda mtu akasema: kuchimbua asili kwafufua majivuno na matusi ya utumwa. Jawabu: kujivunia nasaba ni haramu, na Suratul Hujurat yatufunza kuwa makabila ni kwa kujuana, na ubora ni kwa uchamungu. Aliyecheleweshwa na amali zake hatatangulizwa na ukoo wake. Na mjuzi akikuta siri ya aibu, aisitiri. Ama asiyejulikana babake, Kurani imemfanya ndugu yetu katika dini; basi nani wa kumdharau?

Ndugu Waislamu, kila mzee azikwapo bila ya kuulizwa, huzikwa naye jamaa wa watu. Waulizeni wangali hai.