Aota imeshonwa, mbona bado anapaliwa?

SWALI: Daktari, shemeji yangu ni mvuvi hapa Igombe. Miezi miwili iliyopita mshipa mkuu wa damu ulimchanika kwa presha, akapasuliwa kwa dharura Dar es Salaam na kukaa karibu wiki kwenye mashine ya kupumulia. Amerudi, lakini akitoka mwaloni hadi nyumbani anatweta, sauti inakwaruza, na akinywa maji anapaliwa. Majirani wanasema ni baridi ya ziwa. – Msomaji, Ilemela

JIBU: Ziwa halina kosa. Kilichonishtua zaidi ni huko kupaliwa.

Neva inayoendesha upande wa kushoto wa kikoromeo hushuka kifuani, ikazunguka chini ya upinde wa aota, yaani huo mshipa mkuu wa damu, ndipo ikapanda tena shingoni. Aota inapochanika, au inaposhonwa, neva hiyo huweza kubanwa au kuvutwa. Hata mpira wa mashine huweza kuumiza koo. Hapo kikoromeo hakifungi sawasawa. Maji na mate huteleza hadi mapafuni, na nimonia haiko mbali. Mpelekeni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, koo lichunguzwe kwa kamera. Kwa sasa ale akiwa ameketi wima, anywe mafunda madogo. Mchuzi mwepesi wa dagaa utampalia upesi kuliko uji mzito.

Kutweta kuna sababu nyingi. Wiki ya mashine hudhoofisha misuli ya kupumua, na maumivu ya kidonda humfanya mtu avute pumzi fupi, sehemu za chini za mapafu zikasinyaa. Hilo mazoezi huliponya: avute pumzi ndefu, aishike kidogo, aitoe taratibu, akitaka kukohoa, akumbatie mto kifuani. Lakini maji yaliyojaa kando ya pafu, au moyo uliochoka, hayaponi kwa mazoezi, kwa hiyo apigwe picha ya kifua na apimwe moyo.

Akibanwa pumzi ghafla, akipata homa, makohozi yenye damu, mguu mmoja kuvimba, au maumivu makali ya kifua au mgongo, msingoje tarehe ya kliniki. Nendeni hospitali saa hiyo hiyo.

Vidonge vya presha asiviache hata akijisikia mzima: mara nyingi sehemu ya chini ya aota hubaki na mpasuko. Sigara aache kabisa. Na nyavu wavute wenzake mpaka daktari aliyempasua aruhusu.