Dondoo muhimu: Vitabu vyangu vya mvua ya Gusii

Mvua ya alasiri ikikufungia ndani, uwe Keroka au Suneka, soma hivi.

1. Anza na Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Mfuate mhusika mkuu, Kongowea, kutoka Tanga hadi Kitale bila kuruka kurasa.

2. Usinunue "mwongozo" ukidhani ni riwaya yenyewe. Majalada hufanana, na muuzaji wa vitabu vya shule hana muda wa kukueleza.

3. Kwa upelelezi, tafuta Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla. Usiwe na pupa, mpelelezi Bwana Msa mwenyewe huwaza taratibu, kiko mdomoni.

4. Soma Sauti ya Dhiki (1973) shairi moja kwa siku, kwa sauti. Abdilatif Abdalla aliyatunga mashairi yake gerezani, mengine akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Ukiyasoma mbiombio hutayasikia. Kwangu hiki hakina mpinzani.

5. Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein: gawianeni wahusika, watoto wapeni nafasi za askari.

6. Historia ya Wagusii ya William Ochieng' (1974) ni ya Kiingereza; keti na mzee anayezijua koo, mbishane.

7. Kabla ya kulipia cha mtumba, fungua katikati na hakiki namba za kurasa. Kinuse pia: harufu ya ukungu haitoki.

8. Usiegemeze vitabu kwenye ukuta wa udongo. Vitabu hunyonya unyevu, na mchwa hawabagui riwaya na tamthilia.