Mabinti Zetu na Mashujaa wa Vitabuni

Wazazi hutuuliza mara kwa mara kama yafaa binti kusoma riwaya. Swali hilo twaliona pungufu. Maana binti apendaye kusoma atasoma tu, hata kwa siri. Yatupasa kuuliza ni mwanamke wa namna gani atakayemkuta humo.

Katika hadithi nyingi zipendwazo na watu, mwanamke amewekewa nafasi mbili tu: ama ni malaika wa nyumbani, asiye na neno ila machozi na uvumilivu, ama ni mshawishi apotezaye waume za watu. Mwanamume huanguka akainuka. Mwanamke akianguka mara moja, hadithi humzika.

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyesoma katika seminari ya Nyegezi, alitoa Rosa Mistika, akampa msichana wake jina litokalo katika Litania ya Bikira Maria. Kitabu kilikatazwa mashuleni kwa muda, kwa ajili ya mambo ya mwili yaliyotajwa humo waziwazi. Twakiri ya kuwa nasi, tulipokuwa seminarini, tulikijua kwa sifa yake mbaya kabla hatujakifungua.

Tulipokifungua tulimkuta Zakaria, baba mlevi atakaye binti yake awe mtakatifu. Rosa apata barua ya mvulana. Baba ampiga bila huruma. Tangu hapo ajua kuwaogopa wanaume, lakini hakuna aliyemfundisha kuwapima. Aendapo masomoni, fimbo yabaki nyumbani. Na hofu, iliyokuwa ngome yake ya pekee, yabomoka. Mwisho ajiua. Wengine waliona humo uasherati. Sisi twaona habari ya malezi. Mwandishi hakumfanya Rosa malaika wala mshawishi. Alimfanya mtoto wa watu, na hilo ndilo lililotuuma.

Wasichana wa leo husoma pia riwaya za ng'ambo. Katika The Hunger Games, iliyotolewa na Suzanne Collins huko Marekani mwaka 2008, watoto huteuliwa kwa kura wakauane (si kitabu cha kumpa mtoto mdogo). Katniss, msichana wa miaka 16, ni hodari wa upinde, na wengi huusifu upinde huo, kana kwamba mwanamke hana nguvu mpaka apigane kama mwanamume! Huo nao ni mtego. Nguvu yake twaiona kabla ya vita: kura yamwangukia mdogo wake, Prim, naye ajitoa kwenda mahali pake, akijua kwamba huenda asirudi. Hakusukumwa na fimbo ya mtu. Rosa hakupewa nafasi ya kujifunza kuamua hivyo.

Basi twawaomba wazazi wenye mabinti waliokwisha kupevuka: jioni moja ifunguliwe Rosa Mistika pale penye barua, binti asome kwa sauti, kisha baba aulizwe mbele ya wote angalifanya nini. Na wavulana wasitolewe nje.