Mtoto Aliyeitwa Mvivu

Nilipokuwa mwalimu kijana, darasani mwangu palikuwa na mvulana mmoja aliyechelewa kufika karibu kila siku. Alipofika alikaa nyuma, akalaza kichwa juu ya dawati. Tulipokwenda kulima bustani ya shule, alipiga jembe mara tano au sita, kisha akaketi chini akihema. Wenzake walimwita Mvivu, nami, kwa aibu nasema, nilimwita hivyo hivyo. Siku moja nilimwadhibu mbele ya darasa zima. Hakulia, wala hakujitetea. Alisema tu, "Mwalimu, moyo wangu wapiga mbio." Sikumsikiliza.

Somo letu la leo latokana na kosa lile. Tutajifunza jinsi ya kumtambua adui mdogo akaaye ndani ya mmea, ndani ya mnyama, na ndani ya mtu. Maana atibuye ugonjwa asioujua ni kama mtu apigaye fimbo gizani: pengine humpiga nduguye.

1. Katika bustani

Tuseme una miche ya nyanya, nayo yanyauka mchana ingawa uliimwagia maji asubuhi. Mtu wa haraka atasema, "Yataka maji," naye ataongeza maji. Mwenye busara hukata shina moja karibu na ardhi, akatwaa kipande cha urefu wa kidole, akakishika wima ndani ya bilauri ya maji safi, ncha iliyokatwa ikiwa majini, wala asikitikise. Ikiwa baada ya dakika chache aona nyuzi nyeupe kama za maziwa zikishuka kutoka katika shina, basi amewaona bakteria, maelfu kwa maelfu. Hao wameziba mishipa ipitishayo maji ndani ya mmea. Ndiyo sababu kumwagilia hakufai. Yampasa aing'oe miche iliyougua, na kwa misimu kadhaa asipande mahali pale nyanya, wala biringani, wala viazi mviringo.

Kama nyuzi hazikuonekana, na ang'oe mche mwingine polepole, atazame mizizi. Ikiwa imevimba na kuwa na mafundo mafundo, huenda imeingiliwa na minyoo midogo sana ya udongoni. Lakini angalieni! Mizizi ya kunde na maharagwe nayo ina vivimbe, na hivyo ni nyumba za marafiki. Bakteria wakaao humo hutwaa naitrojeni ya hewani, wakaigeuza kuwa chakula cha mmea. Basi tutatofautishaje? Kivimbe cha rafiki kimeshikamana na ubavu wa mzizi. Hubanduka kwa kidole, na ukikipasua kikiwa kizima, ndani huwa chekundu hafifu. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Huwezi kulibandua ila uuvunje mzizi. Asiyejua tofauti hii aweza kung'oa kunde zake njema kwa hofu, na kuiacha nyanya iliyo gonjwa.

2. Mbwa wa nyumbani

Mtoto wa mbwa akiwa na tumbo kubwa na mbavu zikionekana, watu hucheka wakisema, "Huyu ni mlafi." Huenda ana minyoo ya mviringo, aliyoipata tangu tumboni mwa mamaye. Tena ukiona katika manyoya karibu na mkia, au pale alalapo, vitu vidogo vyeupe kama punje za mchele, tambua kwamba hivyo ni vipande vya tegu. Tegu wa namna hiyo huletwa na viroboto: mbwa ajikunapo kwa meno humeza kiroboto, na tegu humo ndani.

Hayo yatuhusu sisi pia. Mayai ya minyoo ya mviringo hutoka katika mavi ya mbwa. Yakisha kukaa udongoni majuma mawili au zaidi, yaweza kumwambukiza mtoto achezaye chini na kutia vidole kinywani. Kwa hiyo mavi ya mbwa yaondolewe mapema, mikono inawiwe kwa sabuni, na mbwa apelekwe kwa bwana mifugo apewe dawa.

3. Mtu

Sasa turudi kwa mvulana wetu. Majuma machache baada ya adhabu ile, muuguzi alikuja shuleni kuwatazama watoto. Alipofika kwake, alivuta chini ngozi ya jicho. Palipopasa kuwa pekundu palikuwa peupe. Akatazama ulimi, viganja na kucha, navyo vilipauka.

"Mwalimu," akasema, "mtoto huyu amepungukiwa na damu."

Nikamwuliza, "Ni safura, Bwana?"

Akajibu, "Yawezekana. Lakini malaria nayo hupunguza damu, na kichocho, na chakula kisichotosha, na magonjwa mengine ya kuzaliwa nayo. Tusikisie. Kesho aje zahanati na choo chake kidogo katika kichupa safi, tukipime. Na damu yake tutaipima."

Nilikwenda naye. Mpimaji alitwaa choo kidogo kwa kijiti, akakichanganya na tone la maji ya chumvi juu ya kipande cha kioo, akakifunika kwa kioo chembamba, akakiweka chini ya darubini ya kukuzia vitu vidogo, ambayo siku hizi huitwa hadubini. Akatazama kitambo, kisha akaniita.

Niliona yai. Lilikuwa refu kidogo, lenye ganda jembamba lililo angavu kama kioo, na ndani yake punje chache zimekusanyika pamoja. Mayai 16 ya namna hiyo yakipangwa mstari mmoja huwa kama milimita moja tu! "Hili ni la safura," akasema mpimaji. Akanieleza kwamba kila mnyoo hutambulikana kwa yai lake. Yai la mchango mkubwa wa mviringo lina ganda nene lenye vinundu. Yai la mnyoo wa mjeledi lina umbo la pipa, na kizibo kila upande. Yai la kichocho cha matumbo lina mwiba ubavuni. La kichocho cha mkojo lina mwiba nchani, nalo hutafutwa katika mkojo.

Ujuzi huu haukupatikana kwa siku moja. Katika mji wa Delft, Uholanzi, aliishi mfanyabiashara wa nguo, Antonie van Leeuwenhoek, aliyesugua vioo vidogo kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1676 aliwaandikia wataalamu wa London habari za viumbe wadogo aliowaona majini, na mwaka 1681 akaandika juu ya wale aliowaona katika choo chake mwenyewe. Mwaka 1838 Angelo Dubini wa Milan, Italia, aliiona minyoo ya safura alipopasua maiti. Mpaka hapo aliyetaka kuiona alingoja mgonjwa afe. Lakini mwaka 1878 Giovanni Battista Grassi na wenzake walionyesha kwamba yatosha kuyatafuta mayai katika choo cha mgonjwa aliye hai. Tangu hapo ikawezekana kumtambua adui mapema, na kumwokoa mtu.

Je, minyoo hii huingiaje? Mwaka 1898 Arthur Looss, aliyefanya kazi Kairo, Misri, alitangaza jambo la ajabu. Maji yenye watoto wa minyoo hiyo yalimdondokea mkononi kwa bahati. Ngozi ikamwasha, na baadaye akaona mayai katika choo chake. Ikajulikana kwamba minyoo hupenya ngozi. Mgonjwa ajisaidiapo porini, mayai hubaki katika udongo wenye joto, unyevu na kivuli. Huanguliwa kwa siku moja au mbili, na baada ya siku chache zaidi watoto wa minyoo huwa tayari kuingia mguuni mwa apitaye pekupeku. Husafiri kwa damu mpaka mapafuni, hupanda kooni, humezwa, hufika katika utumbo mwembamba. Hapo huuma na kunyonya damu.

Mnyoo mmoja una urefu wa sentimita moja hivi. Kuna aina mbili kubwa zimpatazo mtu, na ile iliyo kali zaidi hunyonya karibu sehemu ya tano ya mililita moja kila siku. Fanyeni hesabu: minyoo 100 hupoteza mililita 20 kila siku, yaani vijiko vinne vya chai. Mtoto apotezaye damu hivyo siku baada ya siku, atalimaje? Atakimbiaje? Atakumbukaje somo?

Mvulana yule alipewa dawa ya kuua minyoo, na vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu. Baada ya miezi michache aliwahi shuleni kuliko mimi. Nilikuwa nimemkosea mbele ya darasa. Basi nilimwomba radhi mbele ya darasa. Kisha tukachimba choo kipya, sote pamoja, naye alichimba kuliko wengi.

Siku hizi, mahali penye minyoo mingi, watoto wote wa shule hupewa dawa mara moja au mbili kwa mwaka pasipo kumpima kila mmoja. Na jambo hilo ni jema. Lakini dawa haizuii minyoo kuingia tena. Choo kitumiwe, viatu vivaliwe, mikono ioshwe. Na mtoto achokaye kila siku, dawa hiyo isiwe sababu ya kumwacha, apelekwe akapimwe.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu lina mvua. Mmea unaonyauka, mbwa mwenye tumbo, mtoto achokaye: hizo ni dalili tu. Tazama kwanza, pima, ndipo useme. Na umwonapo mwenzako ameketi kando akihema, usimpe jina. Mwulize ana nini.

Maswali

1. Utajuaje kwamba nyanya inanyauka kwa sababu ya bakteria wala si kwa kukosa maji?
2. Eleza tofauti ya kivimbe cha mzizi wa kunde na fundo la minyoo.
3. Kwa nini muuguzi hakutaka kukisia?
4. Chora yai la safura na yai la mnyoo wa mjeledi.
5. Mwalimu alikosa nini, naye alilitengenezaje kosa lake?