Somo la Ramani: Mahali Pamoja, Hesabu Mbili

Menya chungwa, kisha jaribu kulilaza ganda lake juu ya meza. Lazima lipasuke au livutike. Dunia nayo ni mviringo na karatasi ni bapa, kwa hiyo hakuna ramani isiyovutwa mahali fulani. Namna ya kuilaza dunia juu ya karatasi huitwa projeksheni. Ziko nyingi, na kila moja ina hesabu zake.

Tutwae mfano wa Nyamyumba, kusini ya mji wa Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu. Simu yenye GPS itatuonyesha mahali fulani huko kuwa ni longitudo 29.27 mashariki na latitudo 1.75 kusini. Hizo ni digrii, nazo hazifai kupimia shamba. Ili kupata meta, wapimaji wengi hutumia mfumo wa UTM, ambao umeigawa dunia katika kanda 60, kila kanda digrii 6. Lakini mpaka wa kanda ya 35 na ya 36 ni meridiani ya 30, nayo yapita ndani ya Rwanda. Nyamyumba imo kanda ya 35, na katikati ya mji wa Kigali imo kanda ya 36!

Kwa sababu hiyo Rwanda ina mfumo wake mmoja, na mstari wake wa kati ndio hiyo meridiani ya 30. Ili pasiwe na hesabu hasi, mstari huo umepewa 500,000 na ikweta 5,000,000. Faida yake yaonekana: tukiacha hesabu ya mwinuko wa nchi, kilometa moja ya Nyamyumba huzidi kwa sentimeta 39 hivi katika UTM, bali katika mfumo wa Rwanda hupungua kwa sentimeta 2 tu.

Basi mahali petu pale pale pana hesabu hizi:

UTM, kanda ya 35 kusini: mashariki 752,500, kaskazini 9,806,400.
Mfumo wa Rwanda: mashariki 418,800, kaskazini 4,806,500.

Sasa fungua programu ya QGIS. Mna amri mbili ambazo wanafunzi huzichanganya. Ya kwanza huiambia programu kuwa hesabu hizi ni za mfumo fulani. Haibadili hata tarakimu moja. Ya pili huzikokotoa upya na kuzitia katika mfumo mwingine. Mtu akipewa hesabu za UTM, naye akatumia amri ya kwanza kuziita za Rwanda, shamba la Nyamyumba litazama katika Bahari Nyeusi, kaskazini ya Uturuki.

Kosa hilo hujitangaza lenyewe. La hatari ni lile linalonyamaza. Ramani za zamani za Kenya, Uganda na Tanganyika zilichorwa kwa asili iitwayo Arc 1960, ambayo si asili ya GPS. Usipoiamuru programu kubadili asili pia, kila kitu kitasogea kama meta 300, na mchoro utaonekana sawa kabisa. Lakini meta 300 zaweza kumpa mtu shamba la jirani. Kati ya mwaka 2009 na 2013 Rwanda iliandikisha vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10. Nyuma ya kila kipande yuko mtu na urithi wa watoto wake.

Kwa hiyo, ninyi mlio shuleni, na ninyi wa zamani mlio makazini, shikeni mambo matatu. Msipokee hesabu bila kuuliza mfumo wake na asili yake. Tambulisheni kwanza, ndipo mbadili. Mwisho, linganisheni na kitu kisichohama, kama njia panda au daraja.

MASWALI
1. Kwa nini mfumo wa Rwanda umechagua meridiani ya 30 badala ya 27?
2. Umepewa hesabu 418,800 na 4,806,500 bila maelezo. Utamwuliza nini aliyekupa?